Mume wangu anasema saladi yangu ni chakula cha kuku

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Mume wangu ni dereva wa daladala. Kutwa amekaa kwenye usukani, mchana anakula chipsi za kituoni na soda, na tumbo siku hizi linatangulia kuingia mlangoni, yeye anafuata. Mwezi wa tatu alipima, akaambiwa sukari imepanda. Alipewa dawa, na wakamwambia apunguze wali, sembe na soda, aongeze jamii ya kunde, mboga na nafaka zisizokobolewa.

Basi mimi nikaingia kazini. Kwenye simu nikakuta saladi ya maharage mekundu na kwinoa, ile nafaka ya kigeni, imewekwa pilipili, ndimu, kotmiri na parachichi, picha yake hata mwenye njaa kidogo angelamba kioo. Supamaketi nilipogeuza pakiti ya kwinoa nikaona bei, nikairudisha taratibu kama vile nilikuwa naishangaa tu. Nikanunua mtama sokoni, na maharage makavu.

Shangazi, sikia yaliyonikuta. Mtama niliupika kama wali. Maji yakakauka, chini ukawa uji, juu mgumu. Maelekezo yalisema maharage ya saladi yasirojeke, yabaki na ugumu kidogo, kwa hiyo niliyaipua mapema. Sikuyaloweka maana nilikuwa na haraka, na ili kuokoa mkaa nikayamalizia kwenye chupa ya chai yenye maji ya moto, jirani yangu ndivyo anavyofanya. Nikachanganya na nyanya, vitunguu na pilipili mbuzi, tukala saa mbili usiku. Saa tano haijafika, mume wangu na kijana wetu mkubwa wanapokezana choo, huyu anatapika, yule anaharisha. Mimi nilionja kijiko kimoja tu, nikabaki na kichefuchefu. Asubuhi waliamka wazima ila wamelegea. Mama mkwe, ametoka Same na anaishi nasi, hakuigusa. Akasema, "Nilijua. Chakula cha baridi usiku ni ugomvi na tumbo." Mimi nazishuku nyanya, au zile pilipili.

Safari iliyofuata niliyapika maharage mpaka yakaiva kabisa na hakuna aliyeumwa. Lakini ile niliyomfungia mume kwenye hotpoti alfajiri, ikiwa bado ya moto, alipoifungua saa saba mchana ilikuwa imechacha, inatoa povu. Na jioni, sisi tukiwa na wali na samaki, nilimpakulia yeye saladi yake. Akaitazama, akaisukuma. "Mama watoto, hiki ni chakula cha kuku. Kwani mimi mgonjwa kiasi hicho?" Watoto wakacheka. Tangu siku hiyo haigusi, na chipsi zimerudi.

Nifanyeje saladi hii iwe na ladha na ukali anaoupenda, isimjaze gesi (analalamika, na gari huwa limejaa abiria), na mama mkwe mwenye vidonda vya tumbo naye aweze kula? Na siku nimekwama, naruhusiwa kutumia maharage ya kopo?

Mama Watatu, Tabata

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku ule, na hongera kwa kuirudisha ile pakiti.

Nianze na ule usiku kabla hatujafika kwenye ndimu na kotmiri. Nyanya ziache, hazina kosa. Pilipili nazo ziache. Ubaridi wa chakula, kwa heshima zote kwa mama mkwe, haukuhusika. Mimi naitazama saa: mmekula saa mbili, na kabla ya saa tano watu wawili wanatapika, kisha wanaharisha, na asubuhi imekwisha. Maharage hayakulowekwa, yaliipuliwa yakiwa na ugumu, yakamaliziwa kwenye chupa ya chai. Kwa barua peke yake siwezi kuapa, lakini ningekuwa na sufuria lako mbele yangu, maharage ndiyo ningeyaita ya kwanza kujieleza.

Maharage mabichi yana sumu yake ya asili, protini iitwayo lektini, na mekundu ndiyo yanayoongoza kwa kuwa nayo nyingi. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumlaza mtu mzima. Huanza saa moja hadi tatu baada ya kula, kwa kichefuchefu na kutapika kwa nguvu, kuhara kunafuata, halafu kwa kawaida mtu anapata nafuu ndani ya saa chache. Wengi huishia kulaumu maji au mboga za majani.

Jambo ambalo jirani yako pengine hajaambiwa ni hili: joto dogo haliondoi sumu hiyo. Maharage yaliyopashwa kwenye maji ya moto yasiyochemka yanaweza kuwa mabaya kuliko hata mabichi kabisa. Chupa ya chai, unapoifunga, joto linaanza kushuka hapo hapo. Kwa hiyo mwambie na yeye. Maharage makavu yalowekwe usiku kucha, au angalau saa tano. Maji ya kulowekea yamwagwe. Yawekwe maji mapya, yachemke kwa kutokota kwelikweli, mapovu yanapanda, kwa nusu saa nzima. Hapo sasa ndipo unaweza kupunguza moto na kuyaacha yaendelee taratibu mpaka yalainike. Hata lile kapu la kupikia lisilotumia moto, ambalo linaokoa mkaa vizuri sana, halina ubaya wowote. Ubaya ni kulikabidhi maharage ambayo hayajatokota.

Na yale maelekezo ya "yabaki na ugumu kidogo" uliyaelewa kama yalivyoandikwa, ila yameandikwa vibaya. Mwandishi alimaanisha ganda lisipasuke. Ndani lazima paive. Chota punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, kila moja uibane kwa ulimi kwenye kaakaa. Ikilainika yote bila chembe ngumu katikati, imeiva. Ikiwa hata moja tu inagoma, sufuria zima lirudi motoni. Maharage ya zamani, yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu, yanaweza kugoma hata kwa saa tatu, na hapo kosa si la mpishi, badilisha muuzaji.

Kwa saladi, lakini, mimi nisingeanza na maharage mekundu kabisa. Ningeanza na kunde. Haziogopeshi kama yale, zinaiva haraka, na zikiiva hazivurugiki ukizigeuza. Choroko nazo ni nzuri ila zinataka jicho, dakika tano za kusahau zinatosha kuzigeuza supu. Mbaazi kavu, zile zinazotoka Lindi na Mtwara, zina utamu wa pekee, lakini andaa mkaa. Kunde ndizo za kuanzia.

Mtama uliuchagua vizuri kuliko unavyodhani. Kwinoa ni nafaka ya watu wa Peru na Bolivia, wao ndio wanaijua na kwao ina sababu ya kuwa mezani. Mtama ni wa Afrika tangu asili, na Dodoma na Singida wanauvuna kila mwaka bila picha za kwenye simu. Umoja wa Mataifa uliufanya 2013 kuwa mwaka wa kwinoa, dunia nzima ikaijua. Mwaka 2023 ukawa wa mtama, uwele na ulezi, na sisi wenye mashamba yake tukaendelea kununua mchele. Haya, nimesema, tuendelee.

Mtama usiupike kama wali. Upike kama unavyopika tambi: maji mengi, ukiiva uyamwage. Chukua mtama mweupe, maana baadhi ya mtama mwekundu una uchungu unaokausha ulimi. Upepete kwenye ungo, utoe mawe, kwa sababu jiwe moja kwenye jino la mume wako na mjadala wa saladi umekwisha Tabata. Uoshe, uloweke usiku kucha kwenye bakuli lake. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine mengi na chumvi kidogo, chemsha dakika 45 hadi saa nzima. Onja. Punje iliyoiva inatafunika, ina kamnato kidogo, na haibaki na unga katikati. Mwaga kwenye chujio, usiukamue, utandaze juu ya sinia upungue mvuke. Ukiacha ukae ndani ya sufuria lenye mfuniko, utajishika tena kama siku ile.

Kwa watu sita nyumbani kwako, kunde kavu kikombe kimoja na mtama mkavu nusu kikombe vinatosha. Usishangae kunde kuzidi nafaka. Mtama, pamoja na sifa zote nilizoupa, bado ni wanga, na mwenye sukari anahitaji kunde ndizo ziwe nyingi, nafaka ziwe za kushikilia tu. Kuviweka pamoja kuna faida: kilichopungua kwenye protini ya nafaka kimo kwenye kunde, na kilichopungua kwenye kunde kimo kwenye nafaka. Mama mkwe wako anatoka Upareni, kwa watu wa makande. Jambo hili wamelipika vizazi na vizazi bila kumsubiri mtaalamu yeyote.

Kunde zako umeloweka, umemwaga maji, umezichemsha kwenye maji mapya, nusu saa hadi dakika 45 kutegemea umri wake. Chumvi unaweza kutia, haina neno. Ndimu, nyanya na ukwaju usithubutu mpaka ziive, kwa sababu uchachu unalifanya ganda kuwa gumu na utangoja mpaka kesho. Zikiiva, chuja vizuri. Maji yaliyobaki usimwage, ni supu nzuri ya kupikia mchicha.

Sasa sikiliza kwa makini, maana saladi inapatikana hapa. Usisubiri kunde zipoe ndipo utie viungo. Punje ya moto inanyonya, punje ya baridi inapakwa tu juu. Ndiyo maana saladi nyingi za kunde zina ladha ya kunde chakavu chini na ndimu iliyokusanyika kwenye kona ya bakuli. Wakati kunde zako zinapika, weka kikaango kikavu jikoni, tia kijiko kidogo cha binzari nyembamba na kingine cha mbegu za giligilani. Zichezeshe. Ndani ya dakika moja au mbili rangi inaanza kukolea na harufu inakufikia mpaka usogeze kichwa. Ipua hapo hapo. Zikipitiliza zinakuwa chungu na hakuna ndimu itakayokuokoa. Ziponde kwenye kinu zisiwe unga kabisa. Changanya na maji ya ndimu mbili kubwa, vijiko vitatu vya mezani vya mafuta ya alizeti, punje moja ya kitunguu saumu iliyotwangwa, kipande cha tangawizi kilichokunwa, na chumvi. Mimina juu ya kunde zikiwa bado zinatoa moshi, geuza kwa mwiko wa mbao, kisha mtama, geuza tena. Onja. Inatakiwa izidi uchachu kidogo wakati huu, kwa sababu ikipoa uchachu unatulia.

Iache ipungue joto. Halafu kachumbari yako, ile ile unayoijua. Kitunguu maji kikate vipande vyembamba, kifikiche kwa chumvi, kisuuze, kikamue, ukali wake unabaki ule wa kupendeza. Pilipili hoho, karoti iliyokunwa, kotmiri nyingi, usiihesabu kama mapambo. Embe bichi likipatikana, kata vijiti vidogo, na hapo ndimu ipunguze. Karanga za kukaanga ziponde ovyoovyo unyunyize mwisho, kwa wale watoto wakubwa. Mdogo akiwa chini ya miaka mitano mpe zilizosagwa, karanga nzima inaweza kumpalia. Nyanya na tango viingie mezani tu, vikishakatwa na mbegu zake za majimaji kutolewa. Nyanya ikilala kwenye saladi usiku mzima, asubuhi unakuta mchuzi.

Pilipili sasa. Usiipike ndani. Mume anapenda ukali, mama mkwe ana vidonda, watoto wako katikati, na bakuli ni moja. Tengeneza pilipili ya pembeni: pilipili mbuzi nne, kitunguu saumu, chumvi, ndimu, mafuta kidogo, saga au twanga, weka kwenye kichupa. Kila mtu atajipakulia dhambi zake. Ukali wa pilipili umekaa zaidi kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, kwa hiyo ukitaka harufu yake bila moto mkali, toa utando huo kwa ncha ya kisu. Ukali huo unashikana na mafuta, si maji. Vidole vikiwaka, vipake mafuta ya kula kwanza, ndipo unawe kwa sabuni, na usijiguse macho hata kama umenawa.

Mama mkwe afuate anavyomwelekeza daktari wake. Vidonda vya tumbo kwa kawaida huletwa na bakteria fulani au na matumizi marefu ya baadhi ya dawa za maumivu, pilipili haivianzishi. Lakini aliye navyo inaweza kumchoma vilevile, na ndimu pia. Chota kunde na mtama wake kabla hujamimina ndimu, mtilie mafuta, binzari, chumvi na kotmiri, mpe ikiwa ya vuguvugu. Kwa kweli mimi ningewapa wote ikiwa ya vuguvugu jioni ya kwanza. Hakuna sheria ya kwamba saladi lazima iwe ya baridi, na ubishi wa chakula baridi utakuwa umekosa pa kusimama.

Gesi utaipunguza kwa yale yale ya kuloweka na kumwaga maji, kwa sababu sukari zinazoleta gesi nyingi hutoka na maji hayo. Mama mkwe atakuambia utie magadi. Yanalainisha kweli, ila yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, kwa hiyo kwa huyu wa kwako yaache. Lililobaki ni mazoea. Tumbo lililozoea chipsi likiletewa bakuli zima la kunde siku moja litapiga kelele. Wiki ya kwanza vijiko vinne vitano pembeni ya chakula, wiki inayofuata ongeza, na kama anaogopa abiria, aanze nayo usiku.

Hotpoti uliitendea kazi ambayo si yake. Chombo hicho kinatunza joto, na ukifunga chakula cha vuguvugu ndani yake alfajiri hadi saa saba, kwa joto la Dar, unakuwa umefuga vijidudu kwa bidii. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku za jua kali, joto likizidi nyuzi 32, saa moja. Kwa hiyo saladi ya kazini ipikwe jioni, itandazwe ipoe, iingie kwenye friji kwenye chombo kipana, si kwenye kirundo kizito katikati ya sufuria. Alfajiri itoke ikiwa baridi, iingie kwenye bakuli la mfuniko, uifunge kwenye mfuko pamoja na chupa ya maji uliyogandisha. Nyanya kwenye kikopo chake. Aile kabla ya saa sita na nusu, na maji yale yakiyeyuka atayanywa badala ya soda. Kwenye friji inakaa siku tatu, ya nne usijaribu. Kama umeme umekatika usiku kucha, siku hiyo mpe kitu kingine. Ndimu inasaidia kidogo lakini si leseni.

Nimeacha la sahani mpaka sasa kwa makusudi, maana ningeanza nalo ungeniona nakukaripia. Mwanangu, wewe na watoto mna wali na samaki, harufu imejaa sebule, halafu yeye peke yake, mbele ya mama yake mzazi na wanawe, anawekewa bakuli la mtama. Wewe ulimpa kwa mapenzi. Yeye alisikia tangazo la ugonjwa. Mwanamume aliyeambiwa sukari juzi juzi tayari ana hofu yake ambayo haisemi, na aliificha kwa utani wa kuku. Watoto walipocheka, wewe ukaona saladi imekataliwa. Chakula hakikuwa na shida kubwa siku ile, uliniambia mwenyewe kiliiva.

Pika bakuli moja kubwa, liwe katikati, na kila aliyepo mezani apate. Samaki wawepo, wa kuchoma au wa kupaka wenye tui la wastani. Wali uwepo kidogo, kwenye bakuli dogo, apakue anayetaka; usimnyang'anye mbele za watu, punguza chombo. Usiseme "hii ni nzuri kwa sukari yako". Usiseme kitu. Weka kichupa cha pilipili karibu na mkono wake, unamjua. Na kabla ya hapo, nenda kwa mama mkwe umwombe akusimamie kunde, kwa sababu mkono wa mtu wa makande kwenye kuivisha punje bila kuipasua ni mkono wa kweli, si heshima ya mdomo. Chakula alichokipika mwenyewe hatakiita ugomvi na tumbo. Na mwanawe hatakiita cha kuku mbele yake.

Kuna moja la usalama, na hili usilipuuze. Mume wako anatumia dawa, na anaendesha watu. Baadhi ya dawa za sukari, mtu akibadilisha chakula ghafla au akiruka mlo, zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi: kutetemeka, jasho, kizunguzungu, macho kuona ukungu. Safari ijayo ya kliniki aende na maelezo ya anachokula sasa, waangalie dozi. Asijipunguzie dawa kwa sababu ameanza saladi. Na asikalie usukani na dawa tumboni bila chakula. Kama ana tatizo la figo pia aulize kwanza, kwa kuwa kunde zina potasiamu nyingi. Parachichi hali kadhalika. Chai, ninyi nyote, mngoje angalau saa moja baada ya kula, inazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde yasiingie mwilini, wakati ndimu yako ilikuwa inayasaidia yaingie.

Kuhusu kopo, ruhusa unayo. Maharage ya kopo yamekwisha kuiva kiwandani, hata yale mekundu, kwa hiyo ile hofu ya usiku ule haipo. Yamimine kwenye chujio, yasuuze kwa maji mengi mpaka yaache kutoa utelezi, utakuwa umeondoa sehemu ya chumvi. Kisha yapashe moto kabla ya kuyatia ndimu na binzari, yanyonye. Bei yake ndiyo itakayokurudisha sokoni. Ukitaka haraka isiyo na kopo, siku ya mapumziko chemsha kunde kilo nzima, chuja, zipoe, zigawe kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja na uzigandishe. Siku umechelewa unatoa mfuko, unauchemsha dakika chache, na kabla mume hajapaki gari bakuli liko mezani.